Mwashoki haumkingi mtu jua

Tazama kituo cha daladala cha Dar es Salaam kilichopandwa miashoki, ifikapo saa sita mchana. Miti imenyooka, kijani chake hakififii mwaka mzima, imepangwa kama gwaride, na hakuna abiria hata mmoja aliyesimama chini yake. Wamejibanza kwenye upenu wa duka la jirani, wengine wameinamia mwamvuli wa muuza vocha. Miti hiyo ilinunuliwa, ikachimbiwa mashimo, ikamwagiliwa maji kwa miezi mingi, na bado anayesubiri gari anapigwa na jua lile lile lililokuwa likimpiga kabla haijapandwa. Kwa miji yetu ya pwani, tangu Tanga na Mombasa hadi Lindi na Mtwara, naona tumekosea kuchagua. Mahali watu wanaposubiri, wanapouza au wanapokaa, ungepandwa mkungu. Mwashoki ubaki kwenye kazi yake ya uzio.

Mwashoki ni mti wa kusini mwa India na Sri Lanka. Shina lake hunyooka kiasi kwamba zamani lilitumika kwa milingoti ya vyombo vya tanga, na India majani yake bado hupamba milango siku za sherehe. Umbo lake la asili lina matawi yaliyotanuka zaidi. Tunaoupanda sisi ni ule ambao matawi yake huning'inia na kulalia shina, nao ulipendwa kwa sababu hiyo hiyo: hautanuki. Mkungu una tabia tofauti kabisa. Matawi yake hutoka shinani kwa ngazi, ngazi moja juu ya nyingine, kila moja ikienda mlalo, na majani yake mapana yanaweza kufika sentimita 25 kwa urefu. Ukipewa nafasi na miaka, hugeuka paa.

Tofauti hiyo ya umbo ni kubwa zaidi huku kwetu kuliko ingekuwa nchi za mbali na ikweta. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini hasa, na katika miezi ya joto iliyo kati ya Oktoba na Machi haliinami zaidi ya nyuzi 17 kutoka hapo. Jua likiwa utosini, kivuli cha mti ni kile kipande cha ardhi kilichofunikwa na matawi, basi. Mwashoki wenye upana wa mita 2 hufunika mita za mraba 3 hivi, na sehemu yake imeshachukuliwa na shina. Mkungu wenye upana wa mita 10 hufunika mita za mraba 78. Ingehitajika miashoki 25 kufikia kivuli cha mkungu mmoja, na hata hivyo kingekuwa vipande vipande ambavyo benchi halienei. Desemba, jua linapoinama kidogo, mwashoki huongeza ufito mwembamba wa kivuli. Asubuhi na jioni hutoa kivuli kirefu, ila hizo si saa za mtu kutafuta pa kujificha.

Mahitaji yao nayo yanapaswa kuingia katika hesabu. Mwashoki hupenda udongo wenye kina usiotuamisha maji, na miaka ya mwanzo hutaka kumwagiliwa kwa uaminifu. Mkungu ni mti wa ufukweni. Huvumilia mchanga, upepo wa bahari na chumvi inayoletwa na upepo huo, na tunda lake huelea baharini na kuota pale mawimbi yatakapolitupa. Mche wake pia hauwezi kutelekezwa kiangazi cha kwanza, lakini ukishashika ardhi hukua haraka bila kubembelezwa. Na unalipa. Watoto wa pwani hula nyama ya kungu ikiiva, kisha hupasua kokwa kwa jiwe ili kupata kiini. Magome na majani yana tanini iliyotumika kwa rangi na ngozi. Zaidi ya hayo, penye kivuli kipana mama lishe ataweka meza, fundi baiskeli atatandika vifaa vyake, bodaboda watafanya kijiwe, na wazee watapata baraza. Kivuli ni mtaji wa watu wasio na uwezo wa kukodi fremu. Hilo ndilo linalonifanya nishikilie hoja hii, kwa kuwa mwenye kiyoyozi hahitaji kuulizwa barabara ipandwe mti gani.

Wanaoutetea mwashoki wana sababu, na baadhi ni za kweli. Mkungu hupukutisha majani, mara nyingi mara mbili kwa mwaka, baada ya kugeuka mekundu. Anayefagia analalamika, na mifereji isiposafishwa huziba. Lakini jani kubwa hivyo ni rahisi kukusanya, na likirundikwa shimoni huwa mboji ya kulishia miti hiyo hiyo. Popo nao hulaumiwa kwa kuangusha kungu usiku. Popo hao hao hupenda pia matunda ya mwashoki, kwa hiyo hapo hakuna mti unaoshinda. Hoja nzito ni ya mizizi na nyaya. Mizizi ya mkungu hutambaa juujuu na kuinua sakafu, na matawi yake yakifika kwenye nyaya za umeme yatakatwa bila huruma hadi mti ubaki kigutu. Hili halijibiwi kwa maneno, linajibiwa kwa vipimo: mita 5 au 6 kutoka ukutani na kwenye karo la maji taka, mbali na nyaya, na ngazi za chini za matawi ziondolewe kidogo kidogo mti unapokua ili mtu apite wima. Penye uchochoro wa mita moja kati ya ukuta na barabara, mkungu haufai. Hapo mwashoki unastahili sifa zake zote, kwani utazuia vumbi na macho ya wapita njia bila kumsumbua jirani.

Wala sisemi mkungu upandwe kila mahali. Ni mti wa joto na wa nyanda za chini. Iringa au Njombe utateseka bure, na huko watu wa misitu wanaijua miti mingine ya kivuli inayostahimili baridi. Kinachonisumbua ni namna tunavyohesabu. Tanzania ina siku yake ya kupanda miti, tarehe 1 Aprili. Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Hesabu zote hizo ni za mashina, na kwa hesabu ya mashina mwashoki utashinda daima, maana unaweza kuibana kumi mahali ambapo mkungu mmoja ungetosha. Halmashauri inayotangaza zabuni ya kupanda miti kituoni au kwenye ua wa zahanati ingeweza kuandika mstari mmoja tu wa ziada katika masharti yake: baada ya miaka minane, kivuli cha saa sita mchana kiwe na upana usiopungua mita sita. Mkandarasi akiusoma mstari huo, mwashoki atauacha kwenye kitalu.