MKATABA SI WA KOCHA PEKE YAKE



Kila mara timu ya taifa inapotolewa mashindanoni, mabishano huwa ni yale yale. Timu ya Uganda ilipotoka Morocco mwisho wa Desemba 2025, na pointi moja tu katika Kombe la Mataifa ya Afrika, niliyasikia sokoni Base Camp hapa Nakivale, na kesho yake nikayakuta Mbarara kwenye stendi ya teksi. Kocha Paul Put aongezewe mkataba au aondoke? Kwa nini fulani aliitwa na fulani akaachwa? Watu wazima walikuwa karibu kushikana mashati.

Mimi si mtaalamu wa mpira. Nilisoma shule ya msingi tu, na kazi yangu ni kuandikisha wanachama na kusikiliza malalamiko yao. Lakini katika mabishano hayo kuna neno moja linalotuhusu sisi wenye sugu mikononi, nalo ni mkataba. Naomba tulitazame kama wafanyakazi, tuache ushabiki pembeni kidogo.

Tuanze na kocha. Milutin Sredojević, ambaye wote tunamwita Micho, alishika timu ya Uganda mwaka 2013. Mwezi wa Septemba 2016 timu yake iliifunga Komoro bao 1-0 pale Namboole, ikapata nafasi ya kwenda Gabon mwaka 2017. Uganda haikuwa imefika kwenye mashindano hayo tangu mwaka 1978. Lakini Julai 2017, miezi michache tu baada ya Gabon, Micho aliacha kazi akisema hajalipwa mishahara yake. Deni lilikuwa zaidi ya dola 50,000. Mwaka 2021 mwajiri yule yule alimwita tena na kumpa mkataba wa miaka mitatu, na Septemba 2023, kabla miaka hiyo haijatimia, akaondolewa.

Habari hiyo ina mafunzo mawili kwetu. La kwanza, hata mtu mkubwa, anayejulikana nchi nzima, anaweza kucheleweshewa jasho lake. Basi asitokee mtu kutuambia kwamba kudai malimbikizo ni tabia ya vibarua wakorofi. La pili, Micho alikuwa na karatasi. Alijua anadai miezi mingapi na kiasi gani, akasema hadharani, akaondoka kichwa juu. Na kudai haki hakukumfanya kuwa adui wa milele, maana baada ya miaka minne walimrudia wenyewe.

Sasa tuwatazame wachezaji. Tarehe 31 Agosti 2017, mwezi mmoja tu baada ya kocha kuondoka, timu ikiwa chini ya kocha wa muda Moses Basena, Uganda iliifunga Misri 1-0 pale Namboole. Bao lilitoka kwa Emmanuel Okwi. Sisemi kwamba kocha hana kazi. Nasema kwamba waliokimbia dakika 90 siku ile walikuwa wachezaji. Sisi wote tulikuwa tumejadili mkataba wa kocha. Ni nani kati yetu aliyeuliza masharti ya kazi ya wachezaji?

Jibu lilikuja lenyewe mwaka 2019, kule Misri. Mashindano yale Uganda iliyaanza kwa kuifunga Kongo 2-0, na sisi Wakongo wa Nakivale tulilala mapema siku hiyo. Timu ikavuka makundi. Kisha, siku chache kabla ya kukutana na Senegal, wachezaji wakagoma kufanya mazoezi kwa sababu ya posho na marupurupu. Shirikisho la mpira likajibu kwamba limelipa kama ilivyokubaliwa, na kwamba wachezaji walitia saini wenyewe kabla ya safari. Tarehe 5 Julai Senegal ilishinda 1-0, na safari ikaisha.

Wengi waliwalaumu wachezaji kwamba ni wapenda fedha. Mimi siwalaumu kwa kudai. Nawalaumu, kama ndugu anavyomlaumu ndugu, kwa kutia saini kwanza na kujadiliana baadaye. Masharti husomwa kabla ya kalamu kugusa karatasi, tena husomwa na wote kwa pamoja, si mmoja mmoja chumbani kwa meneja. Mgomo ni panga. Halitumiki kuchambulia mchele.

Kocha wa wakati ule, Sébastien Desabre, aliagana na Uganda baada ya mashindano hayo. Mwaka 2022 akapewa timu yetu ya Kongo, na mwaka 2024 akaifikisha nusu fainali kule Ivory Coast. Hongera kwake. Lakini tazameni tofauti. Kocha akiondoka Kampala anaweza kupata kazi Kinshasa. Mchezaji aliyeachwa nje ya orodha ya taifa lake hana taifa jingine la kuchezea. Kwake yeye orodha ile ndiyo kila kitu.

Sisi wa Nakivale tunaijua orodha. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani, kwa upungufu wa fedha, liliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu, na kundi la tatu likaondolewa kwenye msaada wa chakula. Tangu hapo watu wengi zaidi hupanda teksi alfajiri kwenda Mbarara kutafuta kibarua: kwenye majengo, hotelini, kwenye maziwa, au kupakia ndizi kwenye malori. Na huko nako kuna orodha, nayo ni daftari la nyapara.

Nami nimepita kwenye daftari hilo. Nilibeba zege miezi saba kwenye jengo moja la ghorofa pale Mbarara. Kila asubuhi nyapara alisoma majina. Jumatatu moja akasoma yote, langu akaliruka. Nilidhani amekosea. Nilibaki nimesimama na sururu begani mpaka wenzangu wakapanda juu. Nilikuwa nadai wiki mbili. Nilipomfuata mwenye kazi, aliniuliza neno moja: karatasi yako iko wapi? Sikuwa na kitu. Wenzangu wawili walikuwa tayari kunishuhudia, wengine waliangalia chini kwa kuogopa majina yao kurukwa kesho. Nyumbani nilisema nimelipwa nusu, kumbe nilikuwa nimekopa.

Wakati ule sikujua sheria. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi Uganda. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inataka mfanyakazi apewe masharti yake kwa maandishi. Kanuni za mwaka 2011 zinasema mtu asiwekwe kuwa kibarua zaidi ya miezi minne. Akipita hapo anastahili mkataba ulioandikwa. Na anayetaka kumfukuza mtu kwa kosa au kwa kazi mbovu lazima amsikilize kwanza, huyo mtu akiwa na mwenzake wa kumsindikiza. Mimi nilikuwa na miezi saba.

Najua waajiri watasema: timu haiwezi kuchukua kila mtu, lazima wengine waachwe. Ni kweli. Kwenda Misri mwaka 2019 kila nchi iliruhusiwa wachezaji 23 tu. Kocha ana haki ya kuchagua, na mwenye jengo likiisha hawezi kuendelea kulipa wabeba zege. Hatupingi kuchaguliwa. Tunapinga kuachwa bila sababu, bila taarifa, na bila kulipwa siku tulizokwisha fanya.

Mtu asidhani haya hayawezekani michezoni. Huko Marekani, wachezaji wa besiboli walikuwa chini ya matajiri wa timu kwa miaka mingi. Mwaka 1966 walimchagua Marvin Miller, mtu aliyetoka katika chama cha wafanyakazi wa chuma, awe kiongozi wa chama chao. Mwaka 1968 wakapata mkataba wa kwanza wa pamoja, na mshahara wa chini ukapanda kutoka dola 6,000 hadi 10,000 kwa mwaka. Matajiri hawakubadilika mioyo. Wachezaji walikaa meza moja.

Basi ndugu zangu, nawaomba mambo matatu. Ukianza kazi, uliza masharti yako kwa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja. Kila jioni andika siku yako katika daftari lako mwenyewe, usitegemee la nyapara. Na mwenzako akirukwa jina, usiangalie chini.

Jumapili ijayo mtabishana tena juu ya mkataba wa kocha na orodha yake. Bishaneni, mpira ni furaha yetu. Lakini kabla ya kuondoka, kila mmoja amwulize jirani yake: na wewe, mkataba wako uko wapi?

Umoja ni nguvu.