Alama Hamsini za Ujumbe

Mwaka jana shule moja ya sekondari hapa Tabora ilinialika kwenye mashindano ya muziki ya wanafunzi. Wazee wa rika langu hualikwa mahali kama hapo ili wakae mbele, wanywe soda, na kupiga makofi kwa kiasi. Vikundi vilikuwa saba. Sita viliimba: UKIMWI, utunzaji wa misitu, elimu ya mtoto wa kike, na kadhalika. Kikundi cha saba kilikuwa cha vijana wanne, magita matatu na dramu, wala hakikuwa na mwimbaji. Mpiga dramu alikuwa kijana mwembamba wa kidato cha tatu, ameketi juu ya kreti ya soda kwa kukosa kiti. Alianza polepole kama mtu anayetafuta njia gizani, kisha akaishika njia. Nikasikia nyuma yangu wapishi wameacha masufuria na kuja mlangoni. Wanafunzi walisimama juu ya madawati. Nilipotazama chini nilikuta kiatu changu kinacheza peke yake.

Kikundi kile kilishika nafasi ya saba.

Niliomba kuiona karatasi ya majaji. Ilikuwa hivi: Ujumbe, alama 50. Sauti na matamshi, 20. Mavazi, 10. Nidhamu jukwaani, 10. Ala, 10. Kwa maana hiyo vijana wale walikwisha kupoteza alama 70 kabla hawajagusa waya mmoja wa gita. Jaji mmoja alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hakuna kinachofundishwa."

Ndugu msomaji, karatasi ile naijua. Niliitunga mimi mwenyewe mwaka 1988, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Niliichapa kwa taipureta, tukairudufu kwa stensili, na kila mwaka walimu wapya walipotoka chuoni waliondoka nayo pamoja na vyeti vyao. Stensili zikatoweka, ikaja fotokopi. Fotokopi nazo zikapisha kompyuta. Jedwali limebaki lile lile, hata "nidhamu jukwaani" ipo palepale nilipoiweka. Katika miaka yangu yote ya kazi nimeandika mitaala, ripoti na hotuba zisizo na idadi, na hicho ndicho kitu changu pekee kilichodumu. Makala haya nayaandika kuipinga.

Mwaka 1965 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari katika mji huu huu. Tulikuwa na mwalimu kijana kutoka Marekani, aliyekuwa na gramafoni na santuri chache. Jumamosi jioni alitufungulia dirisha la nyumba yake, nasi tukakaa nje barazani. Santuri moja tulimwomba airudie mpaka akachoka. Ilikuwa "Wipe Out" ya kundi liitwalo The Surfaris, vijana wa California waliotoa santuri hiyo mwaka 1963. Ukiacha kicheko na tamko moja mwanzoni, haina neno. Gita linapita, linanyamaza, na dramu inabaki uwanjani peke yake. Kisha gita linarudi, linanyamaza tena. Mwalimu alitueleza kuwa huo ni muziki wa vijana wanaoteleza juu ya mawimbi ya bahari kwa ubao. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona bahari. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 800. Hata hivyo Jumatatu asubuhi bweni zima lilikuwa likipiga midundo ile juu ya masanduku ya bati, na kiranja akatuandikia adhabu.

Miaka mingi baadaye nilipata kujua habari mbili za santuri ile ambazo laiti ningezijua mwaka 1988. Ya kwanza ni kwamba "Wipe Out" ilikuwa upande wa pili. Upande wa kwanza, ule uliotarajiwa kuuza, ulikuwa "Surfer Joe", wimbo wenye maneno na kisa. Upande wa pili ulitungwa harakaharaka kwa kuwa santuri haiwezi kuwa na upande mtupu. Ule usio na maneno ukapanda hadi nafasi ya pili kwa mauzo Marekani, na mwaka 1966 ukarudi tena kwenye orodha. Wenye maneno umebaki kwa wakusanyaji wa santuri kuukuu.

Habari ya pili ndiyo inayonichoma zaidi, maana mimi ni mwalimu. Mpiga dramu, Ron Wilson, hakuutoa mdundo ule baharini wala dansini. Aliutoa kwenye bendi ya gwaride ya shule yake ya sekondari. Ulikuwa mdundo wa wanafunzi kutembelea, wa ngoma ile ndogo inayovaliwa kiunoni. Kwa hiyo mdundo uliozunguka dunia ulitoka shuleni, mikononi mwa mvulana ambaye bila shaka hakuna jaji aliyewahi kumwuliza ujumbe wake ni nini.

Nazijua hoja za wapinzani wangu, kwa sababu nilizitumia mwenyewe. Hoja ya kwanza husema kwamba muziki bila maneno ni mambo ya kigeni. Sisi, wanasema, tuna asili ya kuimba kwa mafunzo. Nilikulia katika hoja hiyo. Mwaka 1969, pale muziki wa soul ulipopigwa marufuku Dar es Salaam, nilikuwa miongoni mwa vijana walioshangilia, ingawa jioni yake nilikuwa nimeegemea redio kama kawaida.

Lakini tuutazame mji wetu. Kabla haujaitwa Tabora ulikuwa Kazeh na Kwihara na vijiji vya Unyanyembe, kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Richard Burton alipofika hapa Novemba 1857, na baadaye akaandika jinsi msafara unavyokwenda, hakuacha kumtaja kirangozi anayetangulia na bendera, mpiga ngoma aliye karibu naye, na baragumu. Wapagazi wetu wa Kinyamwezi walibeba pembe na vitambaa kwa miezi kadhaa njiani. Waliimba, ndiyo. Lakini katika msafara wa mamia ya watu, uliotanda porini mpaka mkia hauoni kichwa, nani wa nyuma aliyasikia maneno ya wa mbele? Kilichofika nyuma kilikuwa mdundo. Ngoma iliwaambia watu wa makabila mbalimbali, wasioelewana lugha, kwamba safari imeanza, na mguu uende kwa mwendo gani. Hakuna aliyeuliza maudhui. Na huku kwetu ntemi asiye na ngoma zake hakuwa ntemi. Ngoma zile ziliheshimiwa kuliko maneno ya mshauri yeyote wa ikulu.

Nenda miongo michache mbele. Ngoma za gwaride za askari wa kikoloni zilipofika pwani, watu wetu hawakuziacha kambini. Walizigeuza wakafanya beni, wakashindana mitaa kwa mitaa, Marini na Arinoti, na beni ikapanda bara pamoja na askari na reli iliyofika Tabora mwaka 1912. Walichofanya mababu zetu na ngoma ya askari ndicho alichofanya kijana wa California na ngoma ya gwaride la shule. Ugeni uko wapi hapo? Na ukitaka kwenda mbali zaidi, mtu anayeitwa baba wa muziki huo wa mawimbi, Dick Dale, alikuwa na baba mwenye asili ya Lebanoni, na alijifunza ngoma ya Kiarabu ya mkononi kwa ami yake kabla ya kushika gita la umeme. "Misirlou", wimbo uliompa jina mwaka 1962, ni tuni ya kale ya mashariki ya Mediterania. Hata jina lenyewe lina Misri ndani yake. Mtu wa Tabora aliyekua karibu na vijukuu vya Waarabu wa Kwihara hawezi kusema kwamba milio hiyo ni ya mbali mno.

Sasa niseme habari za dansi, maana hapa ndipo karatasi yangu inapoumbuka kabisa. Tabora ilikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, ilikuwa na Nyanyembe Jazz, ilikuwa na Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata. Watu wa huku magharibi waliokwenda Dar es Salaam walianzisha Western Jazz na mtindo wa Saboso. Angalia jinsi bendi zetu zilivyojitambulisha: kwa mtindo, na mtindo ni mdundo. NUTA Jazz ilichukua Msondo, Mlimani Park ikachukua Sikinde, na yote mawili ni majina ya ngoma. Hakuna bendi iliyojiita kwa jina la ujumbe wake.

Halafu kumbuka ulivyocheza, wewe msomaji mwenye umri kama wangu. Mwimbaji alieleza kisa chake cha mapenzi au cha mtoto yatima kwa beti mbili tatu, nasi tulikaa mezani, au tulizunguka ukumbini taratibu kwa adabu. Kisha waimbaji wakanyamaza. Gita la solo likatoka mbele, besi ikajibu, tumba na dramu zikafungua. Hicho ndicho tulichokiita chemko, na hapo ndipo meza zilipobaki na chupa peke yake. Hebu sema ukweli: ulilipa kiingilio kwa ajili ya beti au kwa ajili ya chemko? Mimi nilikuwa mkuu wa chuo, nimevaa suti ya Kaunda, na nililipa kwa ajili ya chemko. Jumatatu nikarudi ofisini na kutoa alama 50 kwa ujumbe.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, wala siidharau. Inasema taifa changa lilihitaji maneno. Ni kweli. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 nilifundisha ngonjera darasani, na watu wazima wasiojua kusoma walijifunza mengi kwa nyimbo. Siti binti Saad hakujulikana kwa kunyamaza. Ninachopinga ni ule uroho wa kutaka kila mlio ulipe kodi ya mafunzo. Maneno huchakaa. Nyimbo za kampeni tulizowakaririsha watoto kuhusu zao hili na mpango ule zimekufa pamoja na mipango yenyewe, na mtunzi mmoja wapo ni mimi, kwa hiyo simsemi mtu. Mdundo haujui kampeni imekwisha.

Kwa nini haufi? Nimelifikiria sana swali hili tangu yule kijana wa kreti. Msikilize mpiga dramu wa "Wipe Out": mikono miwili inapokezana kwa kasi ile ile, mapigo hayaongezeki wala hayapungui. Kinachohama ni mkazo. Pigo lililokuwa dogo sasa linakuwa kubwa, na sikio linahisi kama ardhi imesogea, ilhali hakuna kilichosogea. Wapiga ngoma wa bugobogobo kwa ndugu zetu Wasukuma hufanya jambo hilo hilo wakati majembe yanaporushwa hewani. Mlimaji hachoki kwa sababu kila mara anangojea mkazo utaangukia wapi. Maneno hukuambia, mdundo hukungojesha. Na anayengoja yuko macho. Sijui mwalimu gani asingetaka darasa la namna hiyo.

Wanaolalamika kila siku kwamba vijana wa Bongo Fleva wanaimba matusi nao wanahusika. Wanahesabu maneno tu, kama nilivyowafundisha. Hawasikii kwamba katika harusi nyingi za siku hizi hakuna mkono unaopiga chochote. Kuna kinanda cha umeme chenye dramu iliyokwisha kutengenezwa kiwandani, unabonyeza, inapiga sawasawa mpaka umeme ukatike. Haiharakishi bibi harusi anapoingia. Haimngojei mzee mwenye fimbo. Na vijana hao hao, kama wangejua, ukoo wao unapita kwenye gita lisilo na maneno: "Apache", iliyopigwa na The Shadows wa Uingereza mwaka 1960, ilipigwa upya na Incredible Bongo Band mwaka 1973, na sehemu ya ngoma za santuri hiyo ndiyo ma-DJ wa New York waliyoirudiarudia hadi hip hop ikasimama.

Juma moja baada ya mashindano nilimwita nyumbani yule kijana wa dramu. Alikuja na woga, akidhani ameshtakiwa. Nilimwuliza nani alimfundisha. Akasema hakuna; shule haina mwalimu wa muziki. Mkono wa kulia aliusikiliza kwenye redio ya kinyozi, wa kushoto akautafuta mwenyewe. Alisema mwaka huu wanafikiria kuongeza mwimbaji na maneno kuhusu malaria, ili wapate alama. Nilimsihi wasifanye hivyo. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Sasa mwalimu, tukishika ya mwisho tena?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kwa waandaaji na karatasi mpya niliyoiandika kwa mkono: mdundo na ala, 50, upatanifu, 30, ubunifu, 20, na kikundi chenye maneno kihukumiwe mahali pake, kisicho na maneno mahali pake. Walinipokea vizuri, wakanipa kiti na chai. Mmoja wao nilimfundisha mwenyewe. Alisema, "Mwalimu, karatasi hii ya sasa imetumika miaka mingi, hatuwezi kuibadili bila maelekezo kutoka juu." Nilimwambia mimi ndiye niliyeitunga. Akacheka, akidhani namtania.

Mashindano ya mwaka huu ni mwezi wa nane. Majaji wamekwisha kuteuliwa.