Presha Haiishii Moyoni

Kitambaa cha mashine kinajaa upepo, kinabana mkono wa mzee, kisha kinaachia taratibu. Muuguzi anaandika namba mbili kwenye daftari, anauliza kuhusu vidonge, anaonya kuhusu chumvi. Moyo utatajwa, figo zitatajwa, kiharusi hakikosi. Akili haitajwi. Siku mzee huyo atakapoanza kuficha funguo kwenye pipa la unga, nyumbani watasema ni uzee. Majirani watanong'ona kuwa amerogwa.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yake, wala hauna ghala la maana la akiba. Unaishi kwa damu inayoufikia dakika hiyo hiyo. Presha ikikaa juu miaka nenda rudi, mishipa midogo ya ubongo hukakamaa, na njia zinazounganisha sehemu moja na nyingine hukosa chakula kidogo kidogo. Haziumi. Muuza nyanya huanza tu kupotelewa na hesabu ya chenji aliyoizoea miaka 30.

Dawa husaidia. Utafiti wa SPRINT wa Marekani uliwahusisha watu zaidi ya 9,000 wenye presha, wa miaka 50 na kuendelea. Kundi moja lilitibiwa ili namba ya juu ishuke chini ya 120, jingine chini ya 140. Matokeo ya 2019 yalionyesha kuwa dalili za awali za kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra zilipungua kwa asilimia 19 hivi katika kundi la kwanza. Kuhusu dimensia yenyewe, yaani akili kudhoofika hadi kuvuruga maisha ya kila siku, tofauti haikutosha kuthibitisha lolote, na ni haki kulisema hilo.

Wala dimensia si maradhi ya ughaibuni. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi kijiji kwa kijiji, wakakuta kiasi cha asilimia 6 wana dimensia.

Kliniki za presha zinaweza kuanza na maswali mawili yasiyohitaji mashine: bado anashika pesa zake mwenyewe? Amewahi kupotea njia anayoijua? Wa kuulizwa yupo. Ni binti aliyemsindikiza, ambaye kwa sasa huachwa nje kwenye benchi, ameshika mfuko wa dawa.