Ukipewa saa saba mjini, usizikimbize



Boti yetu kutoka Dar es Salaam ilipokuwa ikiingia Unguja, Jumamosi moja ya kiangazi, tuliikuta meli kubwa ya watalii imefunga bandarini. Akina mama wangu kutoka Gairo, ambao wengi wao walikuwa hawajaiona bahari kwa macho hadi asubuhi ile, walianza kuhesabu madirisha yake wakachoka. Mmoja akaniuliza, “Baba, hilo ni jengo au ni chombo?” Nikamwambia ni chombo. Ni kama hoteli inayotembea: watu wanalala humo, wanakula humo, na kila baada ya siku moja au mbili wanashushwa katika mji mpya. Wanatembea tangu asubuhi hadi alasiri, kisha wanarudi kabla haijang’oa nanga. Akatafakari kidogo, akasema, “Basi ni kama sisi, ila wao wana vitanda.”

Alisema kweli. Sisi tulishuka saa tatu asubuhi, na tiketi zetu za kurudi zilikuwa za boti ya saa kumi alasiri. Saa saba tu. Mzungu aliyelipa maelfu ya dola na mama aliyeuza magunia mawili ya alizeti walikuwa na kipimo kimoja cha siku, katika mji mmoja, chini ya jua lile lile. Leo nataka tuongee juu ya kipimo hicho.

Kabla sijafika Unguja, nikiri kosa langu. Miaka michache nyuma niliongoza safari ya siku moja kwenda Bagamoyo. Niliandika orodha mwenyewe, kwa mkono wangu, na nilijivunia. Ilikuwa na mambo kumi na moja. Msalaba wa ufukweni, kanisa la zamani, mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874, makumbusho, mbuyu uliopandwa na wamisionari mwaka 1868, Ngome Kongwe, magofu ya Kaole, na mengine ambayo sasa siyakumbuki, na huko kutoyakumbuka kunatosha kusema orodha ile ilikuwa ya namna gani. Nilishika filimbi. Naam, filimbi, kama mwalimu wa michezo.

Katika msafara ule alikuwamo mzee mmoja, katekista mstaafu. Tulipofika kwenye makaburi ya wamisionari, wengi wao waliofariki wakiwa vijana kwa homa, mzee akaketi. Aliniambia, “Padre, hawa ndio waliotoka hapa wakaja mpaka Mhonda.” Ni kweli: mwaka 1877 Mapadre wa Roho Mtakatifu waliipanda mbegu ya Mhonda, kwenye milima ya Nguru, na babu yake mzee huyu alibatizwa na watu wa mbegu ile. Alitaka kukaa. Hakutaka kuona kitu kingine. Mimi nilikuwa namtazama huku nikitazama saa, maana Kaole ilikuwa bado. Nikapuliza filimbi. Akasimama kwa utii, kama alivyokuwa mtii maisha yake yote, akatufuata.

Kaole tulifika. Mzee alibaki ndani ya basi kwa uchovu. Tulimzika miezi kadhaa baadaye, na siku ya maziko, wakati wengine wakiimba, mimi nilikuwa naisikia filimbi.

Kwa hiyo halmashauri yetu ilipoleta wazo la Unguja, nilikubali kwa sharti kwamba orodha isiandikwe na mimi. Tulikaa chini ya mwembe, tukaulizana swali moja: ukirudi Gairo na kitu kimoja tu cha kusimulia, ungependa kiwe nini? Wakasema bahari. Wakasema mahali walipouzwa watu. Mama mmoja mzee akasema anataka kusali katika kanisa la Minara Miwili, kwa sababu alilisikia redioni. Hayo tu. Tulipofika, kijana mwenyeji wa kutembeza wageni alitupangia Changuu kuwaona kobe, Jozani kuwaona kima punju, na shamba la viungo, vyote kabla ya saa nane. Nilimshukuru, nikamwambia hapana. Akanionea huruma, nadhani aliona hatuna fedha.

Watu wengi wanadhani kutulia safarini hakuhitaji mpango. Kinyume chake. Asiyepanga ndiye anayekimbia, kwa sababu kila dakika analazimika kuamua, na kila anachokiona kinamwita. Sisi tulianza kwa chai. Nusu saa nzima tulikaa mgahawani karibu na bandari, watu thelathini na wanne, tukanywa chai ya tangawizi, tukaenda haja, tukafunga kanga vizuri, maana Mji Mkongwe ni mji wa watu wenye heshima na mgeni haingii kwa watu akiwa amevaa kama yuko chumbani kwake. Jambo zito tuliliweka asubuhi, kabla jua halijakaza. Katibu wetu, mwenye miguu mirefu, tulimwamuru atembee mwisho kabisa, nyuma ya bibi mwenye fimbo, na ikawa marufuku kwa yeyote kuuliza “bado wangapi?” Na tulikubaliana kuwa bandarini saa moja kabla ya boti, tukae, tutazame maji. Boti haimsubiri mtu. Hata meli ile kubwa, niliambiwa, anayezunguka kivyake akachelewa huachwa. (Hapo nilimkumbusha mgeni mmoja kwamba akiambiwa na Mswahili “saa kumi”, asidhani ni usiku. Alicheka, lakini aliandika.)

Biblia ina safari nyingi za meli kuliko tunavyodhani, na nyingi ni za Paulo. Tunamjua Paulo wa dhoruba na wa kuvunjikiwa merikebu. Tunamsahau Paulo wa bandarini. Soma Matendo ya Mitume sura ya 27, mstari wa tatu. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Roma. Siku moja tu baada ya kuondoka, merikebu inatia nanga Sidoni, na yule akida Yulio, mpagani, askari, anamfanyia wema: anamruhusu ashuke akawaone rafiki zake, wamtunze. Basi. Luka, ambaye kalamu yake haipitwi na jambo, hatuambii Paulo aliona nini Sidoni. Mji wa kale kuliko kumbukumbu za watu, wenye majengo na masoko, na Paulo alitumia muda wake wote kuketi kwa rafiki. Rudi nyuma sura ya 21, mstari wa saba: wanafika Tolemai, wanawasalimu ndugu, wanakaa nao siku moja. Hata Athene, alipokuwa akiwasubiri wenzake, hakupita mbio. Alitembea akitazama madhabahu zao moja moja, mpaka akaiona ile ya Mungu asiyejulikana. Mtu anayekimbia haoni madhabahu iliyo kando.

Mkunazini tulikaa zaidi ya saa moja na nusu. Wanaopafahamu wataelewa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo Waanglikana wakaanza kujenga pale pale kanisa lao, chini ya Askofu Edward Steere. Husimuliwa kwamba altare imewekwa mahali uliposimama mti wa kuchapia watumwa, na sakafuni pana duara la marumaru la ukumbusho. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu tano za watu wenye minyororo shingoni. Minyororo ni ile ya kweli.

Kwetu Gairo jambo hili halitoki mbali. Njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora ilikatiza Ugogo, ikapita Mpwapwa na Mamboya ikishuka kuelekea Bagamoyo. Mamboya ni Ukaguru, ni nyumbani. Mama mmoja, aliyelelewa katika familia ya Kianglikana kabla ya kuolewa kwa Mkatoliki, aliinama ukingoni mwa shimo akaniuliza kwa sauti ndogo, “Baba, hawa walipita kwetu?” Nikamjibu kwamba wengi walipita kwetu, na wengine walitoka kwetu. Akachuchumaa. Wenzake nao wakachuchumaa. Mmoja akaanza Rozari, Matendo ya Uchungu, ingawa siku ile haikuwa ya Matendo ya Uchungu, na sikumsahihisha.

Tukiwa katika Rozari ile, makundi matatu ya wageni wa ile meli yalipita nyuma yetu. Kila kundi lilikuwa na kiongozi aliyeinua kibao chenye namba. Walisimama, wakapiga picha, wakaelezwa kwa dakika chache, kibao kikainuka, wakaondoka kuelekea Darajani. Sikuwahukumu. Niliiona filimbi yangu ya Bagamoyo katika kile kibao. Kutoka kundi la tatu mzee mmoja wa Kizungu, uso mwekundu kwa joto, alikataa kuendelea. Alikwenda akaketi barazani, karibu na bibi yetu mwenye fimbo. Kiongozi alimbembeleza, akatikisa kichwa. Bibi akamsogezea chupa yake ya maji, akamwambia, “Pole.” Sijui kama neno lile alilijua. Alikunywa, wakakaa wote wawili wakitazama lile shimo kwa muda mrefu, bila lugha kati yao, mpaka mwenzake akarudi kumchukua.

Mchana tulikula pilau, wenye ujasiri wakaonja urojo, kisha tukaenda Minara Miwili, kanisa lililojengwa na wamisionari Wafaransa mwishoni mwa karne ya 19. Hapo tulisali, na wawili wakasinzia kwenye mabenchi. Niliwaacha. Saa nzima ya mwisho tulikuwa Forodhani, miguu ikining’inia ukutani, tukitazama vijana wakiruka majini.

Sasa, wapo watakaosema: Padre anaandika juu ya matembezi wakati watu wana njaa. Hoja hii ilisemwa mbele yangu, na aliyeisema ni katibu wetu huyo wa miguu mirefu, mtu mwema. “Baba, tunaezeka kigango au tunakwenda kutembea?” Fedha hazikuwa sadaka, kila mmoja aliweka yake kidogo kidogo kwa misimu miwili. Lakini swali lilinichoma, na sitajifanya nina jibu safi. Kigango kile mpaka leo upande mmoja kimefunikwa kwa turubai, na mvua ikija na upepo wetu wa Gairo, kinamama wanahamia upande wa pili.

Hata hivyo nilishikilia safari, na leo ningeshikilia tena. Kanuni ya 1247 ya Sheria ya Kanisa, pamoja na kututaka tushiriki Misa Dominika, inatutaka tuziache shughuli zinazouzuia mwili na akili kupumzika. Mtakatifu Yohane Paulo II aliliandikia jambo hili barua nzima mwaka 1998, Dies Domini. Sisi mapadre tunaihubiri nusu ya kwanza kwa nguvu sana. Nusu ya pili tunaiacha, labda kwa sababu tunadhani kupumzika ni kwa wenye nacho. Mwanamke wa Gairo akitoka Misa anachota maji, anatafuta kuni, anapika, na msimu wa palizi anarudi shambani jioni. Akipata siku moja katika miaka sabini ya kutazama maji bila ndoo mkononi, mimi siwezi kuiita anasa. Na siku hiyo ikiwa moja tu, ndiyo sababu zaidi ya kutoijaza mambo kumi na moja.

Nimegundua pia kwamba hija zetu nyingi tunaziendesha kama mnada. Basi linaondoka saa tisa usiku, watu wanafika wamevimba miguu, wanasukumwa kwenye sanamu moja hadi nyingine, wanauziwa rozari na picha, wanarudi usiku wa manane, kesho yake Misa ni tupu. Ndugu zangu mapadre, tulitazame hili. Punguzeni orodha, kisha muipunguze tena. Na mumpe fimbo ya uongozi yule anayetembea polepole kuliko wote.

Tulilala Dar es Salaam, tukasali Misa ya Dominika asubuhi, tukapanda basi. Zaidi ya kilomita 300 baadaye tulishuka Gairo gizani, katikati ya malori yaliyolala na baridi letu. Bibi mwenye fimbo alikuwa na chupa ya soda mkononi ambayo hakuiachia njia nzima. Alikuwa ameijaza maji ya bahari pale Forodhani. Wanaojua visima vyetu wanajua kwamba chumvi si ngeni kwetu, na mtaani kulikuwa na ubishi wa siku nyingi kama bahari inaweza kuwa na chumvi kuliko kisima cha Gairo. Wajukuu wameonja, majirani wameonja. Katibu naye alipita kwa bibi akaonja kifuniko kimoja, akakunja uso, kisha akaniuliza mambo mawili kwa pamoja: safari nyingine ni lini, na bati ni lini.