Barua ya wazi kwa Gavana wa Lualaba: breki ya parifoot ifungwe kwenye simu

Kwa Mheshimiwa Fifi Masuka Saini, Gavana wa Jimbo la Lualaba, Kolwezi.
Nakala: Bunge la Jimbo la Lualaba, Shirika la Taifa la Loteri (SONAL), Kinshasa.

Mheshimiwa Mama Gavana,

Jumamosi mchana, Ligi Kuu ya Uingereza inapokaribia kuanza, vibanda vya parifoot, yaani kamari ya mpira, katika komuni za Manika na Dilala hujaa vijana wenye tiketi mkononi. Wengine hawahitaji hata kibanda. Simu yenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money inawatosha, na dau limeshawekwa kabla mpira haujaguswa.

Barua hii haiombi mchezo huo upigwe marufuku. Kijana anayeweka faranga 1,000 kwa TP Mazembe ili mechi imkolee hana ugonjwa wowote. Anayesemewa hapa ni yule anayepoteza saa tisa, akaweka mara mbili saa kumi na moja ili arudishe, akamficha mkewe simu, na akiishiwa anakimbilia Banque Lambert, mikopo ya mtaani isiyo rasmi, kukopa kwa riba inayomla mpaka mwezi unaofuata. Shirika la Afya Duniani linaitambua hali hiyo: katika ICD-11, orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, imewekwa fungu moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya.

Kolwezi ina sababu zake za kuamini bahati. Mwaka 2014, kobalti ilipoonekana katika mtaa wa Kasulo chini ya nyumba za watu, mashimo yalichimbwa uani na hata sebuleni, na wapo waliotajirika majirani wakiona. Kwenye soko la madini la Musompo, bei ya gunia hufuata asilimia ya madini inayosomwa na Metorex, kifaa ambacho mchimbaji hana njia ya kukihakiki. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi ili kuinua bei. Uamuzi huenda ulikuwa na maana yake kitaifa, lakini anayeishi kwa gunia aliuhisi kwenye sufuria. Mtu wa namna hiyo akihubiriwa kwamba bahati haipo, atacheka. Yeye ameiona ikiingia kwa jirani.

Anachofichwa ni hesabu. Shimo lina madini au halina, na hakuna aliyekaa mezani akalipanga limle mchimbaji. Odi za parifoot, yaani viwango vya malipo, zimepangwa. Chukulia kampuni inajikatia asilimia 5 tu katika kila mechi. Kwa mechi moja, dola 1 hurudisha wastani wa senti 95. Mechi 10 zikiunganishwa kwenye tiketi moja, makato hurudiwa mara 10, na wastani unashuka hadi senti 60 hivi. Na hiyo tiketi ndefu ndiyo inayopendwa, kwa sababu zawadi yake ni nono! Timu 8, kila moja ikiwa na nafasi 70 katika 100 za kushinda, zina nafasi isiyofika 6 katika 100 za kushinda zote pamoja. Tiketi ikichanika kwa timu moja, mchezaji husema alikuwa karibu, na ukaribu huo wa uongo ndio unaomrudisha. Tangu yaanze madau ya katikati ya mechi, hasira haipati hata nafasi ya kupoa.

Nchi nyingine zimejaribu njia kadhaa. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2016, ilipandisha umri wa kucheza hadi miaka 25. Kenya ilikataa mwaka 2019 kuhuisha leseni za kampuni 27 za kamari, SportPesa ikiwamo. Klabu za Gor Mahia na AFC Leopards, zilizofadhiliwa na SportPesa, zikabaki bila mfadhili, wacheza kamari wakahamia kampuni nyingine, na mwaka uliofuata jina la SportPesa likarejea sokoni. Kufunga mlango mmoja katika nyumba yenye milango mingi hakukumponya mtu. Uingereza iligusa pesa yenyewe: tangu Aprili 2020 hairuhusiwi kucheza kamari kwa kadi ya mkopo.

Kwa hiyo ombi la kwanza linahusu simu. Ofisi yako iziite meza moja kampuni za parifoot na za simu. Kila namba iwe na kikomo cha wiki ambacho mwenyewe anakiweka, na akitaka kukipandisha asubiri siku kadhaa. Anayetaka kujifungia afungiwe na kampuni zote kwa pamoja, si moja baada ya nyingine. Akina mama wa sokoni wanaijua siri hii tangu zamani: pesa iliyokwisha kuingia likelemba, mchango wa zamu, Ijumaa haiwezi kuliwa Jumamosi.

La pili ni watoto. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18, na kadi ya mpiga kura ina tarehe ya kuzaliwa. Mwenye kibanda anaweza kuiomba. Kibanda kilicho mkabala na lango la shule kihamishwe.

La tatu ni matibabu, na hapa pesa si kisingizio. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha na mamlaka za mitaa, kama Dilala na Manika, asilimia 15. Kutoka fungu hilo, kila komuni inaweza kumlipa muuguzi mmoja aliyefunzwa kuwasikiliza waraibu na wake zao, kwenye kituo cha afya kilichopo tayari. Jengo jipya lenye utepe wa kukatwa halihitajiki.

Mengi ya leseni huamuliwa Kinshasa, ndiyo maana SONAL inapata nakala. Hata hivyo, mahali pa kibanda na saa zake ni mambo ambayo jimbo na meya wanaweza kuyasukuma. Bunge la Jimbo hufungua kikao cha bajeti mwezi Septemba. Barua hii inaomba rasimu ya hatua hizi iwe mezani siku ya ufunguzi, ikiwa na jina la ofisi itakayopokea malalamiko ya familia.