Simu ya kupimia madini isichorwe bila sisi

Wababa, wamama na vijana wa machimbo ya Kasongo na Kabambare, etiketi ya plastiki na kaye ya ajenti tunavijua wote. Mfuko wa kasiterite ao wa koltani unapimwa, namba inaandikwa, mfuko unafungwa, unapanda pikipiki. Lakini katika machimbo mengine ya Kongo simu imeanza kushika nafasi ya kaye. Ajenti anapiga picha, anaingiza kilo, anabonyeza, na habari inaenda mbali kuliko macho yetu. Siku ile simu itafika kwetu, wengi watauliza kama iko na rezo na kama batri inadumu. Sisi wa sendika tunauliza jambo lingine: nani aliichora, na sisi tulikuwa wapi wakati anaichora?

Kuna kazi moja ambayo wengi wetu hatujaiona kwa macho. Ni kazi ya kuchora kurasa za intaneti na za programu za simu. Wenye wanaifanya wanaitwa dizaina. Sisi tuwaite mafundi wa kurasa. Fundi huyu ndiye mwenye anapanga swali gani litangulie kwenye kioo, kidude gani cha kubonyeza kiwe kikubwa, nafasi gani lazima ijazwe na gani inaweza kuachwa wazi. Inaonekana kama mchezo wa rangi. Kumbe si mchezo. Kama kwenye ile ukurasa hakuna nafasi ya kuandika «mtu amefukiwa na udongo», basi kwenye hesabu ya mjini hakuna mtu aliyefukiwa. Kama hakuna nafasi ya jina la mama mwenye anaosha mchanga, basi yule mama hakufanya kazi. Kile hakina nafasi kwenye fomu, kwa wakubwa hakipo.

Je, tumlaumu fundi? Hapana. Yeye pia ni mfanyakazi, ijapokuwa alichelewa kujua. Miaka mingi aliambiwa yeye ni msanii, rafiki ya patroni, na kwamba sendika ni mambo ya watu wa mitambo na wa migodi. Alipewa kiti laini na chakula cha bure. Wakati huohuo kazi yake ilikatwakatwa: mmoja anachora vidude vya kubonyeza, mwingine anaandika maneno, mwingine anapima rangi gani inafanya watu wabonyeze zaidi. Vidude vinawekwa kama kwenye depo, na anayekuja nyuma anaokota tu na kupanga. Wazee wetu wenye walifanya kazi Sominki, kampuni iliyoundwa 1976 kwa kuunganisha kampuni za madini za Kivu na Maniema, wataelewa haraka. Kila mtu na kipande chake, na mwenye kuona kazi nzima ni patroni peke yake.

Halafu ikaja siku ya kuhesabiwa. Novemba 2022 kampuni ya Meta, wenye Facebook, ilitangaza kuondoa watu 11,000. Januari 2023 wenye Google walitangaza 12,000. Kuna wenye walipata habari asubuhi kwa barua ya kompyuta, wengine kwa kuona kompyuta ya kazi imekataa kufunguka. Msanii akajikuta ni mtu wa mshahara kama wengine.

Lakini wenye akili hawakungojea siku ile. Februari 2020, katika kampuni ya Kickstarter kule New York, wafanyakazi walipiga kura ya kuingia sendika, 46 kwa 37. Novemba 2024 wafundi wa kompyuta wa gazeti New York Times, na wachoraji wa kurasa wakiwa ndani yao, walifanya mgomo juma lenyewe la uchaguzi wa Marekani, wakati ambapo patroni alikuwa anawahitaji sana. Mwezi uliofuata wakafikia mapatano ya mkataba.

Na si mshahara tu. Mwaka 2018 maelfu ya wafanyakazi wa Google walitia sahihi barua ya kukataa ujuzi wao usaidie jeshi la Marekani kusoma picha za ndege zisizo na rubani. Mwezi wa sita ile mwaka, kampuni ikasema haitarudilia ule mkataba. Walikuwa wanadai haki ya kujua kazi ya mikono yao inaenda kufanya nini. Hilo dai ni letu pia.

Sasa tusogee karibu na nyumbani. Nairobi, tarehe 1 Mei 2023, siku yenyewe ya wafanyakazi, zaidi ya watu 150 wenye walikuwa wanafanya kazi kwa ajili ya Facebook, TikTok na ChatGPT walikusanyika na kupiga kura ya kuunda sendika yao. Kazi yao ilikuwa gani? Kusafisha. Kutazama picha za kuchinjwa kwa watu, za watoto wanateswa, na kuzitoa kusudi sisi wengine tusizione. Na kufundisha mashine maneno gani ni machafu. Gazeti Time la Marekani liliandika Januari 2023 kwamba wale wa kufundisha mashine walikuwa wanapata chini ya dola 2 kwa saa. Kabla yao, mwaka 2019, kijana wa Afrika Kusini, Daniel Motaung, alijaribu kuunganisha wenzake hapo Nairobi, akafukuzwa kazi. Mei 2022 akapeleka mashtaka mbele ya tribinali.

Wababa na wamama, sikilizeni vizuri jibu la kampuni, kwa kuwa hilo jibu tunalijua. Meta ilisema: huyu si mfanyakazi wetu. Aliandikwa na kampuni ingine, Sama. Sisi hatuko hata na ofisi ya kushtakiwa Kenya. Tribinali ya kazi ya Nairobi ilikataa hoja hiyo Februari 2023, na Septemba 2024 tribinali ya rufani ikasema vilevile: Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Kesi yenyewe ni jambo lingine, na njia ni ndefu. Lakini mlango ulifunguliwa, na waliofungua ni watu wenye walikubali kusimama pamoja.

Kwetu ni vilevile. Muulize PDG wa shimo, atasema bei inatoka kwa negosia. Muulize negosia, atasema bei inatoka kwenye kontwari. Kontwari itasema ni kiwanda cha kuyeyusha kule Asia. Kiwanda kitasema ni soko. Na wenye simu watasema wao hawajui hata Kasongo iko wapi. Lakini ile simu ikivunjwa, ndani yake kuna bati lenye linashikanisha vipande, kuna tantali ya koltani yenye inatunza umeme, kuna dhahabu kidogo. Kila mtu anakula kwenye mnyororo, lakini hakuna mwenye anakubali kuwa patroni.

Na tunajua gharama ya fomu yenye kuchorwa mbali. Julai 2010 Marekani ilitunga sheria yenye kuomba kampuni zake zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu zao vinatoka Kongo ao kwa majirani zake. Nia ilikuwa kuzuia feza ya vita, na nia hiyo hatuipingi. Sisi njo wenye tulizika watu. Lakini Septemba 2010 prezida Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Hata baada ya kufungua, wanunuzi wengi walikuwa wamekwisha kukimbia. Familia zenye hazikuwa na bunduki hata moja zilikosa feza ya masomo na ya dawa. Nani aliuliza mchimbaji wa Kabambare kabla ya kuandika? Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Inawezekana kufanya namna ingine, na ilikwisha kufanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kule Norwe, sendika ya wafanyakazi wa chuma ilimwita mjuzi mkubwa wa kompyuta, Kristen Nygaard. Kompyuta zilikuwa zinaingia katika viwanda, na mabwana ndio walikuwa wanazipanga. Nygaard na wenzake walikaa na wafanyakazi wenyewe, wakachunguza pamoja: hii mashine itatupunguzia nini, itatuongezea nini, itamtumikia nani? Kutoka kwa kazi ile, mwaka 1975 ikapatikana mapatano ya nchi nzima: wafanyakazi wajulishwe na wasikilizwe kabla mashine haijaingia, na wachague mjumbe wao wa mambo ya kompyuta. Hawakuwa wanajua kuandika programu. Walijua kazi yao, na hiyo ilitosha.

Najua kuna wenye watasema: «Fundi wa New York anakula nyama kila siku, sisi tunagawana ugali na sombe. Tuna nini pamoja na yeye?» Ni kweli, hatulingani, na hatutaki mtu atudanganye kwamba tunalingana. Lakini mnyororo hauulizi nani amevaa viatu vizuri. Yeye anachora kioo chenye kitatupima. Sisi tunachimba bati lenye limo ndani ya kioo chake. Yeye akijua kwamba ukurasa wake unaweza kumfuta mtu, na akiwa na sendika nyuma yake, anaweza kumwambia patroni: hapana, hii nafasi lazima iwekwe. Akiwa peke yake, akisema, kesho kompyuta haifunguki.

Wengine watasema: «Sisi si watu wa mshahara. Tuko na kooperative, sendika ya nini?» Kodi ya madini inataka mchimbaji wa mkono awe na karte na awe ndani ya kooperative, vizuri, tuwe ndani. Lakini kooperative inauza madini, na mara nyingi mwenye kuiongoza ni mwenye feza, si mwenye kushuka shimoni. Sendika haiuzi kitu. Kazi yake ni kusema kwa niaba ya mwenye kutoka jasho, hata mbele ya kooperative yenyewe. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 38, inakubali uhuru wa sendika. Tusingojee mtu wa kutupa ruhusa ya kitu tulichokwisha kupewa.

Basi simu ya kupimia ikija, madai yetu ni haya, na tunaomba kila shimo liyazungumze.

Kwanza, iseme Kiswahili, na iseme kwa sauti na kwa picha, kwa kuwa si kila mtu alisoma, na Kifaransa cha ofisi kinatufunga macho.

Pili, kilo zionekane na mchimbaji kabla ajenti hajabonyeza, na karatasi ibaki mkononi mwa mchimbaji. Kipimo chenye kuonekana na upande mmoja tu ni wizi wenye kuvaa nguo safi.

Tatu, kuwe nafasi ya bei aliyolipwa mchimbaji. Kama wanunuzi wa mbali wanataka kujua mfuko umetoka wapi, wajue pia mwenye kuuchimba alipata franka ngapi.

Ine, kuwe nafasi ya ajali na nafasi ya majina ya wamama wenye wanaosha na kubeba.

Tano, na hii ndiyo nzito kuliko zote: majina yetu, sura zetu na njia zetu zisitembee ovyo. Watu wa Salamabila wanajua maana ya kuishi karibu na dhahabu na karibu na bunduki. Orodha yenye kuonyesha nani amechimba kilo ngapi, wapi, siku gani, ikianguka katika mikono mibaya inakuwa orodha ya watu wa kunyang'anywa usiku. Tuambiwe nani anaitunza, kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuifungua.

Sita, ile simu ijaribiwe hapa, kwenye matope ya mvua, mahali rezo haipo, mikononi mwa watu wetu, na wenye kuichora wakiwapo. Kama haiwezi kufanya kazi hapa, isitumiwe kutufungia shimo.

Hatukatai simu. Kaye pia inaibiwa, kaye inalowa, kaye inaandikwa mara mbili. Tunakataa kuwa watu wa kupimwa tu. Wale wa Nairobi walikuwa wanatoka nchi mbalimbali za Afrika, wengine hawakuwa na kazi tena walipokusanyika, na bado walipiga kura. Sisi tuko wengi, tunajuana, tunakaa kijiji kimoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kila shimo lichague watu wawili, baba mmoja na mama mmoja, wenye wataketi mezani siku ile watu wa simu watakuja. Tuwachague sasa, kabla hawajafika.