Mambo ya Nyumbani: Ni Nani Atakayepika?

Mwezi uliopita tulipokea barua kwa mwalimu mmoja wa upande wa Kyerwa. Mwalimu huyu huchora picha, na mkewe husuka vikapu na kutia nguo rangi. Wana kibanja chao, na kando ya migomba pana nyumba ya vyumba vitatu waliyoachiwa na mzee wao. Wataka kuifanya nyumba hiyo mahali pa utulivu, mafundi wa mikono waje wakae juma moja au mawili katika likizo ya Juni, wakati mvua imekatika na njia ni kavu, wafanye kazi zao pasipo kusumbuliwa, kisha warudi kwao. Mwalimu atuuliza kama shauri hili ni jema. Majirani wamekwisha kumwambia kuwa ni uvivu wa watu waliosoma. Na chini ya barua mkewe ameongeza kwa mkono wake: “Mimi nakubali, walakini naomba mniambie ni nani atakayepika.”

Majirani tutawajibu upesi. Nchi hii ya Karagwe haikuanza jana kuwaheshimu mafundi. Bwana Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, na Bwana Stanley mwaka 1876, waliona katika ikulu ya Bweranyange hazina ya vitu vya chuma na vya shaba, na ng’ombe waliofuliwa kwa nyundo kwa ustadi mwingi. Aliyefua ng’ombe wale hakuitwa mvivu. Lakini angalieni, wahunzi wale walikuwa na mfalme, na ikulu ilikuwa na chakula. Leo mfalme hayupo, na chungu kimebaki jikoni mwa bibi. Ndiyo maana twaona swali lake ni zito kuliko la mumewe.

Tumetafuta mfano wa watu waliokwisha kuijaribu njia hii, tukamkumbuka mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, aliyejifunza sanaa huko Makerere. Wengi wamjua kwa picha tano kubwa alizozichora ukutani katika kanisa la Murang’a, nchi ya Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950. Humo maisha ya Bwana wetu, tangu kuzaliwa hata msalabani, yaonekana katika nchi ya Wakikuyu, na watu wake ni weusi kama sisi. Mwaka 1965 yeye na mkewe Rebeka, pamoja na rafiki zao, walifungua mjini Nairobi nyumba ya sanaa wakaiita Paa ya Paa, yaani yule mnyama paa apaa juu. Ilikuwa miongoni mwa nyumba za kwanza za namna hiyo katika Afrika ya Mashariki kuongozwa na Waafrika wenyewe. Watu walikwenda kutazama picha, na wachoraji na waandishi walikutana humo kuzungumza na kufanya kazi.

Bibi Rebeka naye hakuwa mtu wa kumshikia mume taa. Alikuwa mwandishi wa michezo na hadithi, na mwaka ule ule wa 1965 alikuwa mwalimu mkuu wa shule mpya ya wasichana huko Nairobi. Fikirini, shule changa na nyumba ya sanaa changa, vyote katika mwaka mmoja! Kitabu chake kikubwa cha hadithi kilitoka mwaka 1975. Ndoa ile haikudumu. Sisi hatukai katika kiti cha hakimu, wala hatuijui siri ya nyumba ya watu. Twataja tu kwa kuwa anayewasimulia habari za nyumba za namna hii akiacha jambo hilo, amewapa nusu ya habari.

Baadaye Elimo alimwoa Bibi Phillda Ragland, aliyetoka Marekani, na hao wawili waliishika kazi pamoja miaka mingi. Paa ya Paa ilihamia Ridgeways, kando ya njia ya Kiambu, penye miti na nafasi. Huko wenyeji waliishi mahali pale pale walipofanya kazi, na wachoraji, watoto wa shule na wageni wa mbali waliingia na kutoka. Elimo aliwaonya wachoraji wasiige kazi za wengine, akisema kuiga humlaza Mungu usingizi. (Walimu mnaowapa watoto picha moja wote wainakili, mmesikia?) Basi, Desemba mwaka 1997 moto uliingia ukateketeza kazi nyingi zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka thelathini. Wengine wangalifunga mlango. Wao waliendelea papo hapo penye majivu.

Sasa twarudi kwa mwalimu wetu. Shauri lako ni jema, ndugu, ila usianze na vitanda. Anza na daftari. Keti na mkeo mwandike siku za kazi yake ya kusuka kwanza, kabla ya siku za mgeni ye yote, na siku hizo zisiguswe hata akija mchoraji mwenye sifa kubwa. Pili, wageni wasizidi watatu, na kila mmoja alete chakula chake au alipe, tena aingie jikoni kwa zamu, awe mwanamume au mwanamke. Najua mtasema ni aibu mgeni kumenya ndizi. Desturi yetu ya kumkirimu mgeni ni njema sana kwa siku mbili. Kwa majuma mawili, anayekirimu ni mke peke yake, na sifa huenda kwa mume. Anayekataa kumenya ndizi na atafute pengine pa kuchora.

Tena, jiko liwe mbali na chumba cha kuwekea kazi, na kila picha na kikapu vipigwe picha, na nakala zikae katika nyumba nyingine. Habari ya mwaka 1997 yatosha kuwafunza hilo.

Juu ya fedha hatuna mengi. Msiache mishahara ya shule wala buni zenu kwa ajili ya nyumba hii. Jaribuni likizo moja tu, kisha mhesabu.

Na wewe, mama, likizo hiyo ikiisha utuandikie, barua iwe yako mwenyewe na si chini ya barua ya bwana, utuambie umesuka vikapu vingapi.